Gandhi: Wakili aliyevua suti akabaki na shuka

MWAKA 1893 meli kutoka Bombay, India, ilitia nanga Lamu, ikapita Mombasa, kisha ikafika Zanzibar. Miongoni mwa abiria alikuwemo wakili wa miaka 23, Mohandas Gandhi, aliyekuwa njiani kwenda Afrika Kusini kuisaidia kampuni ya wafanyabiashara wa Kihindi katika kesi. Alikaa Zanzibar zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine.

Safari ya mavazi yake ilikuwa ndefu kuliko hiyo ya bahari. Inafaa kujulikana na kila anayevusha robota la nguo Namanga, Busia au Mutukula, kwa sababu inagusa swali ambalo halijaondoka mpakani: nchi ikiamua kuvaa vya kwao, gharama alipe nani?

Gandhi alizaliwa Porbandar, Oktoba 2, 1869, katika jamii ambayo kwa asili kazi yake ni biashara, ingawa baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa huko. Alipokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alitaka kufanana na wenyeji. Alinunua kofia ndefu ya hariri, akashonesha suti ya jioni kwa pauni 10 mtaa wa Bond Street, akajifunza kufunga tai mbele ya kioo. Kwa msomi wa koloni, suti ilikuwa kama pasipoti: aliamini ingemfungulia milango.

Durban ilimfundisha vingine. Aliingia mahakamani na koti la Kizungu na kilemba cha kwao, hakimu akamtaka avue kilemba. Alikataa, akatoka nje. Miaka 20 baadaye, vibarua wa Kihindi waliogoma walipopigwa risasi na kuuawa, Gandhi aliweka suti kando akavaa kama wao.

Aliporudi India mwaka 1915, alikuta hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeielewa. Pamba ya India iliuzwa nje ikiwa ghafi, kisha vitambaa vya viwanda vya Lancashire, Uingereza, vikarudi kuuzwa kwa Wahindi. Wafumaji wa vijijini walikuwa wamepoteza kazi. Gandhi aliwahimiza watu wasokote uzi nyumbani na kuvaa khadi, kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono. Mawakili, walimu na makarani walitakiwa kuonyesha msimamo wao kwa kile walichovaa.

Julai 31, 1921, alichoma rundo la nguo za kigeni Bombay mbele ya umati mkubwa. Si wote waliofurahi. Mshairi Rabindranath Tagore alihoji uadilifu wa kuteketeza nguo wakati wapo watu wasio na cha kujisitiri. Wenye maduka nao walikuwa na mzigo ambao tayari waliulipia.

Lawama hizo zilikuwa na uzito, kwani khadi ilikuwa ghali kuliko kitambaa cha kiwandani. Wenye mishahara waliweza kubadilisha kabati. Maskini hakuwa na nguo ya pili. Septemba 1921, akiwa Madurai, Gandhi alichukua uamuzi wake mzito. Alivua shati na kofia, akabaki na kipande cha khadi kiunoni. Kama maskini hawamudu khadi ya kutosha mwili mzima, basi naye angevaa kiasi kile ambacho hata wao wangekimudu. Gharama aliianzia kwake.

Mwaka 1931 alikwenda Uingereza kwa mazungumzo ya kisiasa, akafika hadi Lancashire kuonana na wafanyakazi wa viwanda ambao baadhi yao walikuwa wamekosa kazi kwa sababu ya mgomo wake. Hakuwakwepa. Aliwapa pole, akawaeleza kwamba umaskini wa India ulikuwa mkubwa zaidi. Walimpokea vizuri. Mwaka huohuo alikunywa chai na Mfalme George V akiwa na shuka, mtandio na kandambili.

Gandhi aliuawa kwa risasi Januari 30, 1948, miezi michache baada ya uhuru. Khadi ikawa sare ya wanasiasa, wasafi na wala rushwa pamoja. Nguo ileile iliyokuwa ushahidi wa kujinyima ikawa ya kujificha.

Hapa kwetu, mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ili kulea viwanda vya ndani. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, wenzake walilegeza. Mjadala huo utarudi, na wengi watakaouongoza watakuwa watu wenye suti na mishahara. Mwenye robota moja la mtaji ana haki ya kuwauliza kile ambacho Gandhi alijiuliza Madurai: wao wenyewe wako tayari kuvua nini?