Neumann na Mtutu wa Pili

Kila nipitapo Nchiru, milima ya Nyambene hunikumbusha Arthur Neumann, Mwingereza mwinda ndovu aliyefika huku miaka ya 1890 na wapagazi kutoka pwani. Afrika ya Kusini, alikokaa kabla, wengi walipenda bunduki ya mitutu miwili: mmoja wa risasi kwa paa, wa pili wa marisau kwa kanga. Mzigo mmoja, kitoweo cha namna mbili. Ndovu lakini hataki marisau. Mwanzoni mwa 1896, pande za Ziwa Turkana, Neumann alishika bunduki ya mtutu mmoja, alipofyatua, haikulia. Ndovu akamtoboa mkono, akamponda kifua. Watu wake wakamuuguza, akapona. Akafia London mwaka 1907. Mtutu wa pili, wenye risasi, ungalimfaa. Ila ajali yake ilikuwa haijafika.