Landau, kijana aliyepiga hesabu ya kuta za sumaku

Hebu chukua msumari hapo nyumbani. Kwa macho ni chuma tu, kumbe ndani umegawanyika vyumba vyumba. Katika kila chumba atomu zote zimeelekeza usumaku wao upande mmoja, na chumba jirani upande mwingine. Nguvu zao zinafutana, ndiyo maana msumari huo haunasi misumari mingine. Kati ya chumba na chumba kuna ukuta.

Mwaka wa 1932 Felix Bloch wa Uswisi alieleza kwamba kwenye ukuta huo mwelekeo haubadiliki ghafla. Hugeuka polepole, atomu baada ya atomu. Sawa, lakini ukiusukuma, unakwenda vipi?

Swali hilo lilimfikia Lev Landau, mzaliwa wa Baku, 1908. Jamaa aliingia chuo kikuu na miaka 14 (wewe ulikuwa wapi?). Mwaka wa 1935, akifundisha Kharkov, Ukraine, yeye na mwanafunzi wake Evgeny Lifshitz, kijana wa miaka 20 tu, walichapisha mlinganyo wa jinsi usumaku unavyogeuka ukisukumwa.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 1938, makachero wa Stalin walimtia mbaroni Moscow. Alihusishwa na karatasi ya siri iliyomweka Stalin kapu moja na Hitler. Enzi hizo watu walipigwa risasi kwa makosa madogo kuliko hayo, bana. Alikaa ndani mwaka mzima, hadi bosi wake, mwanafizikia Pyotr Kapitsa, alipowaandikia wakubwa barua na kumwekea dhamana. Kuandika barua hiyo kulitaka roho ngumu.

Januari 1962 gari alilopanda liligongana na lori barabarani kwenye barafu. Alizimia kwa wiki kadhaa. Mwaka huohuo akapewa Nobel kwa kazi nyingine, ya heliamu ya majimaji, lakini utafiti hakuuweza tena. Alifariki 1968.

Mlinganyo wa 1935, uliorekebishwa baadaye na Mmarekani Thomas Gilbert, bado uko kazini. Wahandisi huutumia kompyutani kupanga waya za sumaku nyembamba kuliko unywele. Wanazichonga vijipengo ili ukuta unase hapo, kisha wanausukuma kwa mkondo wa umeme hadi kijipengo kinachofuata. Chumba kinachoelekea huku kinasomwa sifuri, kinachoelekea kule kinasomwa moja, na hivyo data inahifadhiwa bila kifaa chochote kuzunguka.