Oswald Avery na Bakteria wa Nimonia

Mtahiniwa, huenda sasa hivi kooni mwako wamo bakteria wanaoweza kuleta nimonia, nawe huumwi chochote. Oswald Avery aliwachunguza bakteria hao kwa miaka mingi ya maisha yake.

Avery alizaliwa mwaka 1877 huko Halifax, Kanada, akiwa mtoto wa mchungaji. Mwaka 1887 familia yake ilihamia New York, Marekani, na huko alihitimu udaktari mwaka 1904. Mwaka 1913 alijiunga na hospitali ya Taasisi ya Rockefeller ili kuchunguza nimonia. Wakati huo antibayotiki hazikuwepo, na ugonjwa huo uliua watu wengi.

Zingatia jinsi mwili unavyojilinda. Kamasi hunasa bakteria, kisha silia huwasukuma kutoka kwenye njia ya hewa. Wachache wanaofika mapafuni humezwa na seli za ulinzi. Lakini mafua makali yakiharibu silia, au utapiamlo, uzee au UKIMWI ukidhoofisha kinga, bakteria wale wale hupata mwanya. Ndiyo maana maambukizi haya huitwa nyemelezi. Katika mlipuko wa mafua wa mwaka 1918, wengi waliokufa waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuata.

Mwaka 1923, Avery na Michael Heidelberger walionyesha kwamba bakteria wakali wamevikwa ganda la wanga. Ganda hilo huzuia seli za ulinzi zisiwameze. Mwili hujibu kwa kutengeneza kingamwili zinazonata kwenye ganda, na hapo bakteria humezwa kwa urahisi. Chanjo ya nimonia wanayopewa watoto wachanga nchini Tanzania huufundisha mwili kulitambua ganda hilo mapema.

Mwaka 1928, Frederick Griffith wa Uingereza aligundua kwamba bakteria wasio na ganda hulipata wakichanganywa na wenye ganda waliokufa. Ni kitu gani kiliwapa uwezo huo? Mwaka 1944, Avery akiwa na umri wa miaka 66, yeye, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walitoa jibu: ni DNA. Hivyo uchunguzi wa nimonia ulifichua kemikali ya urithi. Avery alifariki mwaka 1955 bila kupata Tuzo ya Nobel.

Ukiulizwa kuhusu magonjwa nyemelezi, usiishie kutaja bakteria. Eleza kinga ipi ililegea, bakteria ana silaha gani, na mwili humshindaje.