UMAR BIN ABDUL-AZIZ: KHALIFA ALIYEANZA NA NYUMBA YAKE

Ubadhirifu wa mali ya umma tumezoea kuulaani kwa wengine. Leo tumwangalie kiongozi aliyeanza kwa kujihesabu mwenyewe.

Umar bin Abdul-Aziz (Mwenyezi Mungu amrehemu) alitoka katika ukoo wa Bani Umayya. Baba yake alikuwa liwali wa Misri, na mama yake ni mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Alisoma Madina, na ujana wake ulikuwa wa neema, nguo za thamani na manukato. Mwaka 87 Hijria (706) alifanywa liwali wa Madina, akateua wanavyuoni 10 wa kumshauri.

Mwaka 99 Hijria (717) akawa Khalifa. Alipoletewa vipando vya kifalme, aliamuru viuzwe na fedha ziingie Baytul-Mali, yaani hazina ya Waislamu. Kisha akayarudisha mashamba aliyoyarithi ambayo aliona asili yake haikuwa halali. Mkewe Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik, alikuwa na vito alivyopewa na baba yake. Umar alimtaka achague kati ya vito hivyo na ndoa yake. Bibi huyo alimchagua mumewe, na vito vikapelekwa Baytul-Mali.

Baada ya hapo ndipo alipowageukia jamaa zake. Walionyang'anya ardhi za watu walitakiwa kuzirejesha. Walinung'unika sana, wakamtuma hata shangazi yake aje kumsihi, lakini hakulegeza msimamo. Aliwakataza maliwali kufanya biashara wakiwa madarakani. Akaamuru pia waliosilimu wasitozwe tena jizya, hata kama mapato ya dola yangepungua. Imesimuliwa kwamba taa ya Baytul-Mali aliiwasha kwa kazi za umma tu. Mazungumzo yakigeukia mambo yake binafsi, aliizima na kuwasha yake.

Alifariki mwaka 101 Hijria (720) huko Sham, akiwa na umri wa karibu miaka 40. Wapo wanahistoria wanaosema alitiliwa sumu. Yazid, ndugu yake Fatima, aliposhika ukhalifa, alitaka kumrudishia dada yake vile vito. Fatima akakataa. Hata hivyo, mengi aliyoyatengeneza Umar yalivunjwa na waliomfuata, na watu wakarudishwa katika dhulma ileile.

Hapa pana funzo kubwa kwetu. Mwadilifu mmoja akizungukwa na wenye tamaa, kazi yake hufa naye. Umma unahitaji waadilifu wengi, nao hulelewa majumbani na vyuoni. Mwanafunzi anayetumwa dukani akarudisha chenji kamili, au anayekabidhiwa mchango wa darasa akaufikisha wote, ameanza kuifuata njia ya Khalifa huyu. Nasi wazazi na walimu tusimsifu mtoto aliyepata kwa ujanja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.