Theodor Bilharz: Tabibu Aliyemuona Mnyoo wa Kichocho

 

Ndugu msomaji, katika masuala ya twahara yanayotufikia, mengi ni ya mkojo. Mkojo unaodondoka baada ya mtu kutawadha, mkojo unaochoma, mkojo wenye damu. Tunajibu kama walivyotufunza masheikh zetu wa madhehebu ya Imam Shafi: asiyeweza kuuzuia mkojo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali bila ya kuchelewa. Jawabu hiyo inamtosha kwa sala yake, lakini kwa figo zake haimtoshi. Damu katika mkojo wa kijana wa mashamba ya Unguja au Pemba mara nyingi ni kichocho. Na mtu aliyemuona mnyoo wa kichocho na kumweleza kwa mara ya kwanza ni Mjerumani aliyeishi Cairo na kufia Cairo, naye ndiye tunayemzungumza leo.

Theodor Maximilian Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi katika serikali ya mtawala wa hapo, na mama yake asili yake ni Uswisi. Tangu skuli alipenda wadudu na viumbe vidogo. Alisoma Freiburg, kisha Tübingen, na bado akiwa mwanafunzi alishinda tunzo kwa insha juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Wawili katika walimu wake ndio waliomfungulia njia. Wa kwanza ni Wilhelm Griesinger, tabibu. Wa pili ni Carl Theodor von Siebold, bingwa wa elimu ya minyoo.

Mwaka 1850 Griesinger aliitwa Misri, awe daktari wa mtawala Abbas Pasha na msimamizi wa mambo ya tiba nchini. Akamchukua mwanafunzi wake awe msaidizi. Bilharz alikuwa na miaka 25.

Hospitali waliyofikia ni Qasr al-Ayni, kando ya Mto Nile. Skuli ya udaktari ilianzishwa na Muhammad Ali Pasha mwaka 1827 huko Abu Zaabal, chini ya Mfaransa Clot Bey, na mwaka 1837 ikahamishiwa hapo. Jambo zito la mwanzo katika skuli hiyo lilikuwa kupasua maiti. Wanazuoni walisita, na kusita kwao kulikuwa na msingi, kwani maiti ya Muislamu ina heshima yake na kuivunja mfupa kumekatazwa. Zama zetu mabaraza ya fiqhi yameruhusu upasuaji huo panapokuwa na dharura na manufaa ya hakika, kwa masharti. Wakati ule mlango ulifunguliwa kwa amri ya mtawala. Tunalitaja kwa sababu yote aliyoyaona Bilharz aliyaona katika miili ya watu wa Misri, wengi wao wakulima na wanajeshi mafukara, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wana haki ya kukumbukwa katika kisa hiki.

Wakati huo kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida sana bondeni mwa Nile. Wanajeshi wa Ufaransa waliokuja na Napoleon mwaka 1798 waliugua, na tabibu wao mmoja, Renoult, akaandika habari zake, lakini asijue sababu. Watu walidhani ni joto, jasho au safari ndefu za farasi. Kwa wenyeji, kijana kutokwa na damu kulikuwa kwa kawaida kiasi kwamba halikuwa jambo la kupelekwa kwa tabibu. Hata kwetu tumewasikia watu wakisema ni dalili ya mtoto wa kiume kukua. Si kweli hata kidogo, na kauli hiyo imewadhuru wengi.

Mwaka 1851, akiwa anapasua maiti, Bilharz alitazama ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, akakuta minyoo midogo myeupe. Alipoitia chini ya darubini aliona jambo la ajabu. Mnyoo mmoja alikuwa na mfereji mwilini mwake, na ndani ya mfereji mlikuwa na kitu kama uzi. Alipouchomoa uzi ule alitambua kuwa nao ni mnyoo, tena ni jike, na anayembeba ni dume lake. Minyoo ya jamii hiyo iliyojulikana kabla yake kila mmoja alikuwa dume na jike kwa pamoja. Hii ilikuwa jozi, wanaishi wamekumbatiana ndani ya damu ya mwanadamu. Akamuandikia mwalimu wake Siebold barua baada ya barua, na Siebold akazichapisha katika jarida lake la elimu ya wanyama.

Kuona mnyoo ni jambo moja, na kujua kuwa mnyoo huyo ndiye maradhi ni jambo jengine. Mwaka 1852 Bilharz aliipata minyoo hiyo hiyo kwenye mishipa ya kibofu, na katika nyama ya kibofu akakuta mayai yenye mwiba mmoja mnchani. Ukuta wa kibofu ulikuwa umevimba, umeota vinyama, umevilia damu. Hapo mambo mawili yakaungana: damu katika mkojo, na mdudu anayetaga. Griesinger, aliyerudi kwao mwaka huo, aliandika baadaye kwamba katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikutwa na maradhi hayo. Karibu thuluthi moja.

Tusimame kidogo hapa, maana ndipo kibofu kinapofika kwenye figo. Yai linatakiwa litoboe ukuta wa kibofu na litoke na mkojo. Mengi hayatoki. Yananasa katika nyama, mwili unayapiga vita, pahala hapo panakuwa kovu, na kovu likikaa miaka linaingia chokaa na kuwa gumu. Likiwa kwenye mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, mirija inabana. Mkojo hauna njia, unarudi juu, figo inajaa na kutanuka mpaka nyama yake inakwisha. Haya yanaweza kutokea pole pole, bila ya maumivu makubwa, na damu ya mkojo huenda ikawa imeshapungua zamani. Mzee wa miaka 50 anayeambiwa leo kuwa figo zake zimechoka huenda aliyapata maradhi yake akiwa na miaka 10, akikoga mtoni. Na kibofu kilichokaa na mayai muda mrefu kinaweza kuingia saratani.

Maradhi haya ni ya kale. Mwaka 1910, Marc Armand Ruffer alipasua figo za maiti zilizokaushwa za zama za Mafirauni, zenye umri wa miaka elfu tatu hivi, akayakuta mayai yale yale yamegeuka chokaa.

Turudi kwa Bilharz. Baada ya Griesinger kuondoka, yeye alibaki. Abbas Pasha aliuawa mwaka 1854, akaja Said Pasha, mambo ya hospitali yakapanda na kushuka, naye akabaki. Akawa profesa wa anatomia Qasr al-Ayni. Mwaka 1857 alichapisha kitabu juu ya samaki wa Nile apigaye umeme, na yasemekana kazi hiyo aliipenda kuliko ya minyoo. Kwa hakika hatukuona dalili kwamba alijua ukubwa wa alichokigundua.

Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa Duke Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha kwenda Massawa, pwani ya Bahari ya Sham, akiwa tabibu. Katika kuwahudumia wagonjwa akapata homa kali. Alirejea Cairo akafariki tarehe 9 Mei 1862, akiwa na miaka 37, akazikwa huko huko. Hakuwa wa dini yetu, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Uadilifu tulioamrishwa unatutaka tuseme kwamba alifanya kazi yenye manufaa kwa Waislamu wengi.

Aliondoka na suala moja kubwa bila ya jawabu: mnyoo unaingiaje mwilini? Watu walidhani ni kwa kunywa maji au kula. Ilichukua zaidi ya miaka 50. Mwaka 1913 wataalamu wa Japani waliona kwamba mnyoo wa jamii hiyo wa kwao hupitia kwa konokono, na mwaka 1915 Muingereza Robert Leiper akalithibitisha jambo hilo Misri, akifanya kazi katika kijiji cha Marg karibu na Cairo. Yai likiingia katika maji baridi linaanguliwa, kijidudu kinamtafuta konokono, kinazaana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa hutoka vijidudu kwa maelfu vinavyotoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mlango ni ngozi, si kinywa. Anayefua, anayekoga, anayepanda mpunga, wote wamo.

Hapa hatuwezi kupita bila ya kutaja kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Hatudai kwamba hadithi ilikuja kufundisha habari za konokono, na hatupendi mtindo wa kuibebesha kila hadithi elimu ya maabara. Ila aliyeifuata kikamilifu angalikuwa amekata mnyororo huu katika pete yake ya mwanzo.

Dawa nayo ina historia chungu. Kuanzia mwaka 1918 watu walitibiwa kwa sindano za antimoni, na Misri ilizitumia kwa mamilioni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sindano zilirejewa bila ya kuchemshwa vya kutosha, zikasambaza homa ya ini ya aina ya C katika taifa zima. Mwimbaji Abdel Halim Hafez, ambaye wazee wengi wa Unguja walikuwa wakimsikiliza redioni, aliugua bilharzia tangu utotoni na ikamuua mwaka 1977. Yake ilimuharibu ini, kwani ilikuwa ni aina nyengine ya mnyoo huo. Kwetu Zanzibar iliyopo ni hii ya kibofu.

Dawa ya leo ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo watoto wetu hupimwa urefu na kupewa skuli. Inatusikitisha kusikia minong'ono kwamba vinaharibu uzazi. Kinachoharibu uzazi ni maradhi yenyewe, maana mayai hunasa hata katika via vya uzazi vya mwanamke na kumtia vidonda. Kidonge humsumbua mtoto zaidi akimeza na tumbo tupu, kwa hiyo ale kwanza. Na mzazi ajue kwamba kidonge kinaua minyoo iliyomo mwilini, hakizuii mengine kuingia mtoto akirudi mtoni kesho.

Anayeona damu, au anayehisi kuchomwa na kwenda haja ndogo mara kwa mara, apeleke mkojo wake kituo cha afya, na mkojo huo uwe wa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, baada ya kutembea au kukimbia kidogo. Huo ndio wakati mayai yanapotoka kwa wingi, na mpimaji akitazama kwenye darubini atauona mwiba ule ule.