Arthur Cayley: Wakili wa London aliyebadili hisabati

Kwa miaka 14 Arthur Cayley alifanya kazi Lincoln's Inn, mtaa wa mawakili jijini London, akiandika hati za kuhamisha ardhi na mali. Hata hivyo, anakumbukwa kwa hisabati.

Alizaliwa Richmond, Uingereza, tarehe 16 Agosti 1821. Utoto wake wa awali aliupitisha St Petersburg, Urusi, alikokuwa baba yake mfanyabiashara. Mwaka 1842 aliongoza mtihani wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Lakini kuendelea kukaa chuoni kulihitaji apokee daraja la ukasisi, naye hakuchagua njia hiyo. Akasomea sheria, na mwaka 1849 akawa wakili. Kazi aliipokea kwa kiasi tu, ili abakiwe na saa za kuandika hisabati.

Mwaka 1854 alichapisha makala kuhusu makundi. Kundi ni mkusanyiko wa vitendo ambavyo, viwili vikifuatana, huzaa kitendo kingine cha mkusanyiko huo huo. Zungusha kitambaa cha mraba kwa robo mzunguko; ukirudia mara nne, kinarejea kama kilivyokuwa. Vitendo hivyo Cayley alivipanga katika jedwali ambalo hadi leo lina jina lake.

Kisha alidokeza kuwa vitendo hivyo vinaweza kujumlishwa na kuzidishwa mfano wa nambari. Wakati huo waliomsikiliza walikuwa wachache.

Mwaka 1863 aliacha uwakili na kuwa profesa Cambridge, kwa kipato kidogo kuliko alichokizoea. Mwaka 1878 aliirudia mada ya makundi, na safari hii wengi walimfuata. Alifariki tarehe 26 Januari 1895, akiacha makala zaidi ya 900.

Dokezo lake lilizaa swali gumu. Katika mfumo huo mpana, kwa kutumia nambari kamili pekee, je, kuna vitu vipya ambavyo vikizidishwa vyenyewe kwa vyenyewe hurejea kwenye moja?

Mwaka 1940 Graham Higman alithibitisha kuwa, pale ambapo mpangilio wa kuzidisha haubadili jibu, havipo: ni vitendo vya kundi lenyewe tu, pamoja na hasi zake.

Kwa makundi mengine, Hans Zassenhaus alikisia kuwa vitu hivyo ni vile vile vya kundi, vilivyobadilishwa sura. Mwaka 2017 Florian Eisele na Leo Margolis walipata kundi linalovunja kisio hilo, miaka 163 baada ya makala ya wakili wa Lincoln's Inn.