Arthur Ashe: ushindi bila mushahara

Arthur Ashe alizaliwa mwaka wa 1943 mu mji wa Richmond, kule Marekani. Baba yake alikuwa mulinzi wa uwanja wa michezo wa watu weusi. Jamaa ilikaa pale pale, na njo pale mutoto alijifunza tenisi.

Mwaka wa 1968 alishinda mashindano makubwa ya Marekani. Lakini alikuwa angali askari, hakuhesabiwa muchezaji wa mushahara. Zile dola 14.000 zilipewa Tom Okker, yeye mwenye kushindwa! Ashe hakukata tamaa. Kiisha akaingia mu tenisi ya mushahara, na mwaka wa 1975 alimushinda Jimmy Connors kule Wimbledon.

Mwaka wa 1971 alifika Yaoundé, akaona mutoto mumoja anacheza vizuri sana. Akamupa raketi yake, akapasha wakubwa wa tenisi ya Ufaransa habari. Mutoto ule ni Yannick Noah, mushindi wa Roland-Garros mwaka wa 1983.

Mwaka ule ule walimupasua Ashe moyo, akaongezewa damu yenye sida. Alikufa tarehe 6 Februari 1993.

Wazazi wa Katana, mutoto mwenye kipawa anangojea mutu wa kumuona.